Nakala Sitini za Ramón y Cajal

Mwaka wa 1888, mjini Barcelona, mwalimu mmoja wa chuo kikuu alitoa jarida la ilimu kwa fedha za mfukoni mwake. Nakala zilikuwa 60 tu. Makala aliandika yeye, picha alichora yeye, na nyingi ya nakala hizo akazituma kwa posta kwa mabingwa wa nchi za nje. Mtu huyo ni Santiago Ramón y Cajal, ambaye leo ni shida kumpata mtaalamu wa ubongo asiyelijua jina lake.

Alizaliwa mwaka wa 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini ya Hispania. Baba yake alikuwa tabibu, tena mtu mkali. Mtoto alipenda kuchora kuliko kusoma, hata baba akamtia kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu, apate adabu. Hakuipata sana. Kilichomtuliza ni mifupa ya wafu, kwani baba alipoanza kumfundisha maumbile ya mwili, kijana aliona kuwa hapo kalamu yake ina kazi. Akasomea udaktari Zaragoza, mji ambao zama za Andalusi uliitwa Saraqusta, alikozaliwa mwanafalsafa Ibn Bajja. Mwaka wa 1874 alipelekwa Kuba kuwa daktari wa jeshi. Malaria nusura imuue, na 1875 akarudishwa kwao. Kwa akiba ya mshahara wa huko akanunua hadubini.

Mnamo 1887 alionyeshwa mjini Madrid vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia ya Mwitaliano Camillo Golgi. Njia hiyo hutumia chumvi ya fedha, na ajabu yake ni kuwa chembe chache tu hushika weusi, hivyo kila moja huonekana nzima, shina na matawi yake. Golgi mwenyewe aliamini kwamba chembe za ubongo zimeungana kama wavu. Cajal, kwa kuchunguza ubongo wa ndege, aliona sivyo: kila chembe ina mpaka wake, nazo hukaribiana tu bila kushikana.

Lakini nani angemsoma? Ilimu ya siku hizo ilikwenda kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Kihispania hakikuhesabiwa, na makala isiyosomwa haitajwi na mtu. Basi mwezi wa Oktoba 1889 Cajal alijilipia nauli mpaka Berlin, kwenye mkutano wa mabingwa wa maumbile, akapanga vioo vyake mezani na kuwaita waje watazame kwa macho yao. Aliyesadiki ni Albert von Kölliker, mzee wa miaka 72, ambaye hapo kwanza alikuwa upande wa wavu. Mzee yule alirudia majaribio, akaacha rai yake ya zamani, na akajifunza Kihispania ili amsome Cajal. Kwa maoni yangu, wanachuoni wa namna hii ni haba.

Hata hivyo, sifa ina njia zake. Mwaka wa 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer aliandika makala ya kukusanya habari hizi na kuipa chembe ya ubongo jina la nyuroni. Kazi kubwa ilikuwa ya Cajal na wengine, lakini kwa jina lile Waldeyer naye akatajwa kila mahali.

Mwaka wa 1894, akihutubia Royal Society mjini London, Cajal alitoa rai kwamba mazoezi ya akili huenda yakaongeza matawi na maungano ya chembe hizi. Wanaochunguza leo jinsi kiumbe anavyojifunza na kukumbuka wangali wakirejea hapo.

Tuzo ya Nobel ya 1906 alipewa pamoja na Golgi, naye Golgi akaitumia hotuba yake kuutetea wavu. Haikuwa mpaka miaka ya 1950 ndipo hadubini ya elektroni ilipouonyesha waziwazi mwanya baina ya chembe na chembe. Cajal alikuwa amekwisha kufa, tarehe 17 Oktoba 1934.

Kitabu chake kikubwa juu ya ubongo alikitoa kwa Kihispania baina ya 1899 na 1904. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka 1909 hadi 1911, na kwa miaka mingi ndiyo iliyonukuliwa na wageni. Wasomaji wa Kiingereza walikipata kitabu kizima mwaka wa 1995.