Nahodha Owen na Manowari Zake Mbili

Sisi watu wa Songea tu mbali na bahari, walakini maji ya mto Ruvuma huishia huko. Pwani ile ilipimwa zamani na nahodha Mwingereza, jina lake William Fitzwilliam Owen.

Owen alizaliwa mwaka 1774. Baba yake, naye mwanamaji, alikufa mtoto angali mdogo sana. Alipopata miaka 13 akaingia kazi ya manowari. Mwaka 1808 Wafaransa walimteka, wakamweka kifungoni katika kisiwa cha Mauritius hata mwaka 1810. Baadaye alipima maziwa makubwa ya Kanada.

Mwaka 1821 alipewa kazi ya kupima pwani ya Afrika, kwa manowari mbili za matanga. Leven aliiongoza mwenyewe. Barracouta ilikuwa ndogo, yenye mizinga 10 tu, nayo iliongozwa na Nahodha Cutfield. Mabaharia waliingia mashuani, wakatupa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito, wapate kujua kina cha maji. Kila mwamba na kila fungu la mchanga waliliandika.

Kazi hiyo iligharimu maisha ya watu. Mwaka 1822, katika ghuba ya Delagoa, penye mji wa Maputo wa leo, homa iliwashika. Siku zile hakuna aliyejua ya kuwa malaria huletwa na mbu. Wengi walikufa, na Cutfield pia. Nahodha Vidal akashika Barracouta, na kazi ikaendelea.

Mwisho wa mwaka 1823 Barracouta ilifika Mombasa. Wamazrui, watawala wa mji, walimwogopa Sayyid Said wa Maskati, wakaomba ulinzi wa Waingereza. Vidal akakataa, kwa kuwa hakuwa na amri. Wenyeji wakashona bendera ya Kiingereza wenyewe, wakaitweka. Mwezi wa Februari 1824 Owen akaja na Leven, akaiona. Yeye alichukia mno biashara ya watumwa, ambayo iliwatoa watu wengi katika nchi za Ruvuma na Ziwa Nyasa, wakapelekwa Kilwa kuuzwa. Basi akakubali kuulinda mji, kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe. Akamweka Luteni Reitz kuwa mkubwa wa mahali pale, naye akafa kwa homa mwaka ule ule.

Lakini Owen alitoa ahadi pasipo amri ya serikali yake. Serikali haikutaka kumwudhi Sayyid Said, rafiki yake. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, Waingereza wakaondoka. Mwaka 1837 Sayyid Said akautwaa mji, na utawala wa Wamazrui ukakoma. Biashara ya watumwa iliendelea miaka mingi.

Owen alirudi kwao mwaka 1826 na ramani kama 300. Alikufa Kanada mwaka 1857, umri wake miaka 83. Ramani zake ziliwaongoza mabaharia muda mrefu baada ya ahadi yake kuvunjika.

Basi, wanafunzi, fikirini habari hii. Nia ya Owen ilikuwa njema, lakini aliahidi jambo lisilokuwa mkononi mwake, na waliomtumaini ndio waliopata hasara. Bali kazi aliyotumwa, akaifanya kwa subira pima kwa pima, hiyo ilidumu.