Larrey, munganga wa jeshi aliyeokolewa na mwanafunzi wake

Fasi kunapigwa vita, swali linarudi kila mara: majeruhi wakiwa wengi na waganga wakiwa kidogo, nani atunzwe wa kwanza? Dominique-Jean Larrey, mupasuaji wa jeshi la Ufaransa, alilijibu zaidi ya miaka 200 iliyopita, na jibu lake alilifundisha kwa vijana.

Larrey alizaliwa tarehe 8 Julai 1766 kijijini Beaudéan, kwenye milima ya Pyrénées. Akiwa na miaka 13 alibaki yatima. Ndugu ya baba yake, aliyekuwa mupasuaji mujini Toulouse, alimulea na kumufundisha kazi.

Mwaka 1792 alienda na jeshi upande wa mto Rhin. Wakati ule magari ya kubeba majeruhi yalibaki mbali, kiisha yalikuja tu mapigano yakiisha. Wengi walikufa palepale wakivuja damu. Larrey aliona mizinga inavutwa na farasi kwa mbio, akawaza kwamba waganga nao wanaweza kwenda vile. Akatengeneza magari mepesi ya farasi, yenye kuingia na waganga wakati risasi zingali zinalia.

Tena aliweka sheria: aliyeumia sana ndiye wa kwanza, awe mukubwa ao askari wa chini, awe wa kwao ao adui. Leo hospitalini kazi hiyo ya kuchagua inaitwa triaje.

Kuanzia 1796 alikuwa mwalimu kwenye hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce, Paris. Vijana waliosoma uganga walijifunza kwake mambo ambayo hospitali ya raia haikuwaonyesha: jeraha la mzinga, kufunga mishipa haraka, na kukata mapema mguu ulioharibika, mbele ya kuoza. Hata mujini Berlin, wakati jeshi la Napoleon liliingia huko, alifundisha waganga wa pale.

Mwaka 1813 wakubwa wa jeshi walishitaki askari vijana zaidi ya 2,000 kwamba walijipiga risasi mikononi ili wakimbie vita. Wangeweza kuuawa. Larrey aliwapima, akaandika kwamba hakuna alama ya kosa hilo, ijapokuwa alijua Napoleon atakasirika. Vijana wakapona.

Mwaka 1815, kule Waterloo, yeye mwenyewe alijeruhiwa na kukamatwa na Waprusia. Walikuwa tayari kumupiga risasi. Munganga mumoja wao akamutazama usoni: alikuwa amesoma kwake Berlin. Alikimbia kumuombea. Jenerali Blücher, ambaye mutoto wake aliwahi kutunzwa na Larrey, akamuachilia.

Napoleon alimuachia franka 100,000 katika wasia wake. Larrey alikufa mujini Lyon tarehe 25 Julai 1842, akitoka kukagua hospitali za jeshi Algeria. Alikuwa na miaka 76 na alikuwa angali kazini.