BI. EMMY NOETHER, MWALIMU ASIYELIPWA

Mwishoni mwa kidato cha pili, tulipokuwa tukichagua masomo, mzee mmoja jirani yetu alinishauri niache fizikia kwa sababu ati si somo la wasichana. Karibu nimsikilize. Kisha nikasoma habari za Bi. Emmy Noether, na leo nataka niwasimulie.

Bi. Emmy alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati. Binti huyu alifuzu kufundisha Kiingereza na Kifaransa katika shule za wasichana, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati. Siku hizo Chuo Kikuu cha Erlangen hakikuwasajili wanawake. Ikambidi aombe ruhusa ya maprofesa ili akae tu darasani asikilize. Mwaka wa 1904 mlango ulifunguliwa, na mwaka wa 1907 akapata shahada ya udaktari. Na kazi je? Alifundisha hapo Erlangen kwa karibu miaka saba bila hata senti moja ya mshahara!

Mwaka wa 1915 magwiji wawili wa hisabati, David Hilbert na Felix Klein, walimwita Göttingen. Mwaka uo huo Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, isemayo kwamba maada hupinda anga na wakati, na kupindika huko ndiko tunakokuita mvutano. Tabu ilikuwa nishati. Sisi hufundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, lakini katika hesabu za nadharia hiyo mpya kanuni hii ilionekana kuyumba. Hata Hilbert alikwama.

Jibu la Bi. Emmy lilitoka mwaka wa 1918. Neno lenyewe ni ulinganifu. Chukua mpira, uuzungushe utakavyo: umbo lake halibadiliki. Huo ndio ulinganifu. Bi. Emmy alithibitisha kwamba ulinganifu wa namna hiyo katika kanuni za maumbile huzaa kitu kinachodumu. Kwa kuwa kanuni za leo ndizo za kesho, nishati hudumu. Nyota iliyo mviringo nayo hupinda anga sawasawa pande zote, kwa hivyo kipimo cha mzunguko wa sayari inayoizunguka hakipungui. Lakini ulimwengu mzima unapanuka, jana yake si sawa na leo yake. Ndiyo maana mwanga wa galaksi za mbali hutufikia ukiwa umepungukiwa na nishati, na hakuna pa kwenda kuidai! Kumbe ile kanuni tunayoikariri darasani ina sharti lake.

Pamoja na kazi hiyo kubwa, Klein ndiye aliyeiwasilisha mbele ya chama cha wanasayansi cha Göttingen, kwa kuwa Bi. Emmy hakuwa mwanachama. Hata masomo aliyofundisha yalitangazwa kwa jina la Hilbert mpaka mwaka wa 1919, alipokubaliwa kufundisha kwa jina lake. Malipo yalikuja baadaye, tena kidogo tu.

Mwaka wa 1933 serikali ya Wanazi ilimfukuza kazi kwa kuwa alikuwa Myahudi. Hakunyamaza. Aliwafundisha wanafunzi nyumbani kwake, kisha akahamia Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr. Huko aliaga dunia tarehe 14 Aprili 1935 baada ya kupasuliwa uvimbe. Alikuwa na umri wa miaka 53. Einstein mwenyewe aliandika barua gazetini kumsifu.

Wenzangu, mimi nimebaki na fizikia. Darasani wasichana tu watano, na jaribio lililopita sikufanya vizuri, sitawaficha. Lakini kila nikitaka kukata tamaa namkumbuka huyu mama aliyeketi darasani bila hata kusajiliwa. Mimi nimesajiliwa, nina dawati na nina mwalimu. Nitasingizia nini? Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Dada zangu wa kidato cha pili, mtakapochagua masomo msiogope. Njooni tuwe kumi.