Mtakatifu Yohane Bosco, Rafiki wa Watoto Wenye Huzuni

Kaskazini ya nchi ya Italia kuna kilima kiitwacho Becchi. Hapo ndipo alipozaliwa Yohane Bosco, tarehe 16 Agosti 1815, katika nyumba ya wakulima maskini. Alipokuwa hajatimiza miaka miwili, baba yake alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa. Mama yake, Margherita, akabaki mjane pamoja na mama mkwe wake na watoto watatu: Antonio, mwana wa mke wa kwanza, kisha Yosefu, na Yohane aliye mdogo wa wote. Margherita hakujua kusoma, lakini kulea alijua. Husimuliwa kwamba fimbo ilisimama daima pembeni mwa chumba, naye hakumpiga mtoto kwayo hata siku moja.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa, Yohane aliota ndoto ambayo hakuisahau hata kufa. Aliona watoto wengi wakicheza, wengine wakitukana. Akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Ndipo Bwana mmoja mwenye uso wa kung'aa akamkataza, akamwambia kwamba atawapata kuwa rafiki kwa upole, wala si kwa mapigo. Kisha watoto wale wakageuka kuwa wanyama wakali, na wanyama wale wakageuka kuwa wana-kondoo.

Yohane alitamani sana kusoma, lakini Antonio hakutaka, kwa maana shamba lilihitaji mikono. Ugomvi ukazidi nyumbani, hata mama akamtuma mtoto huyu wa miaka 12 kwenda kuwa mtumishi katika shamba la watu wengine. Alikaa huko karibu miaka miwili. Baadaye alipata padri mzee, jina lake Calosso, aliyeanza kumfundisha Kilatini na kumsikiliza kama baba amsikilizavyo mwanawe. Mwaka 1830 mzee huyu akafa ghafula. Yohane alilia mchana na usiku, hata mama yake akaogopa kwamba atapoteza afya, akampeleka akae kwa babu yake muda. Hivyo yeye mwenyewe alijua, tangu ujana wake, jinsi moyo wa mtoto unavyoweza kulemewa. Alijua tena uchungu mwingine: mapadri wengine wa siku zile walipita njiani bila kusema neno na watoto. Akamwambia mama yake kwamba yeye akiwa padri atawakaribia watoto na kuzungumza nao.

Tarehe 5 Juni 1841 alipewa upadri katika mji wa Torino. Rafiki yake Padri Cafasso akampeleka katika magereza, akaona humo vijana wengi, wenye nguvu na akili, wamefungwa pamoja na wezi wazee. Wengine walitoka, wakarudi tena upesi, kwa sababu huko nje hapakuwa na mtu wa kuwaangalia.

Tarehe 8 Desemba mwaka uleule, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, alisikia kelele. Mtumishi wa sakristia alikuwa akimpiga kijana mmoja aliyeingia bila kujua kutumikia Misa. Don Bosco akakemea jambo lile, akasema kijana huyu ni rafiki yake, akaamuru arudishwe. Alikuwa Bartolomeo Garelli, yatima, mfanyakazi wa waashi, mwenye miaka 16, asiyejua kusoma wala kuandika. Don Bosco hakuanza na katekisimu. Alimwuliza kama anajua kuimba, kisha kama anajua kupiga mluzi, naye kijana akacheka. Baada ya kicheko kile ndipo walipoanza kusali Salamu Maria.

Wakaja wengine, wakaongezeka, hata wenye nyumba wakawafukuza mahali pengi kwa sababu ya makelele. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1846 walipata banda moja huko Valdocco. Mwezi wa Novemba Mama Margherita akaacha kilima chake, akaja kuwapikia na kuwashonea watoto wasio wake. Siku moja walikanyaga bustani yake yote ya mboga, akachoka, akataka kurudi kwao. Mwanawe akamwonyesha msalaba ukutani, naye akabaki. Alifia hapo mwaka 1856.

Don Bosco alipowapeleka vijana kujifunza ufundi, aliandika mkataba na mafundi. Katika mkataba mmoja wa mwaka 1852, seremala alifungwa kumwonya mwanafunzi kwa maneno tu, wala asimpige kamwe.

Katika vuli ya mwaka 1857 alikuwa akingoja gari la moshi katika stesheni ya Carmagnola. Ukungu ulikuwa mzito. Akasikia sauti ya mtoto mmoja ikiwaamuru wenzake wote mchezoni. Huyo alikuwa Michele Magone, mwenye miaka 12, asiye na baba, aliyefukuzwa shuleni. Don Bosco akampa medali ya Bikira Maria, na baada ya siku chache akampokea Valdocco. Mtoto akakimbia na kupiga kelele kuliko wote. Lakini karibu mwezi mmoja ulipopita, aliacha michezo. Alijitenga, uso ukakunjamana, mara nyingine machozi yakamtoka. Wengi hudhani mtoto aliyenyamaza ametengenezeka; Don Bosco hakudhani hivyo. Alimwita, akamwuliza kwa upole, akangoja, kwa maana kwanza mtoto hakuweza kusema. Mwisho akafunua kwamba wenzake wanasali kwa furaha, bali dhamiri yake yeye imevurugika, wala hajui aanzie wapi. Akasaidiwa kuungama, na furaha ikamrudia. Tangu siku ile alikuwa mtu wa kuwafariji wenzake. Alikufa kwa ugonjwa tarehe 21 Januari 1859, hajatimiza miaka 14, na Don Bosco akaandika maisha yake katika kitabu.

Mwaka 1877 aliandika kwa kifupi njia yake ya kulea: akili, dini na upendo. Mwalimu akae kati ya watoto, acheze nao, awazuie kabla hawajaanguka. Asimwonye mtoto mbele ya watu, bali peke yake, hasira ikiisha kupoa.

Tarehe 10 Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliwaandikia wana wake wa Valdocco barua ya uchungu. Aliona katika ndoto kiwanja chao cha michezo: watoto wameegemea nguzo bila furaha, na walimu wamesimama mbali wakiongea wao kwa wao. Akawakumbusha kwamba haitoshi kuwapenda watoto; yafaa watoto wenyewe wajue kwamba wanapendwa.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Papa Pius XI, ambaye alipokuwa padri kijana alimtembelea Valdocco mwaka 1883, alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka ya mwaka 1934. Shirika la Wasalesiani alilolianzisha mwaka 1859 lilifika Kongo mwaka 1911, katika mji wa Elisabethville, uitwao leo Lubumbashi, likaanza huko kazi ya shule.