Fabre na Wadudu Wake

Jean-Henri Fabre alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alisoma kwa taabu hata akawa mwalimu. Mshahara ulikuwa mdogo na watoto wake walikuwa wengi. Alipoacha kufundisha alijipatia riziki kwa kuandika vitabu vya shule, kama hiki mnachokisoma.

Mwaka 1879 alinunua shamba huko Sérignan. Lilikuwa shamba bovu, lenye mawe na miiba, lisilofaa kwa kilimo. Yeye alilitaka hivyo hivyo, kwa kuwa nyigu, buibui na mbawakawa walijaa humo. Wataalamu wengi wa siku zile waliwachoma wadudu kwa pini na kuwapanga sandukuni. Fabre alitaka kuwatazama wakiwa hai.

Safari moja alimfungia nondo jike katika kizimba cha wavu wa waya. Madume wengi wakaja wakiruka kutoka mbali. Je, walimjuaje? Sisi tungedhani kwamba walimwona. Fabre hakutaka kudhani. Alimtoa jike, akamweka mezani chini ya kifuniko cha kioo, mahali penye mwanga, ambapo alionekana waziwazi. Kile kizimba kitupu, ambamo jike alikuwa amelala usiku, alikiweka pembeni gizani. Madume walipoingia, walimpita jike bila kumjali, wakaenda kukizingira kizimba kitupu! Basi hawakuongozwa na macho, bali na harufu iliyobaki kizimbani. Fabre mwenyewe hakunusa chochote, maana pua ya mtu haiwezi kuitambua harufu hiyo. Nondo dume huinasa kwa papasi zake zilizo kichwani. Mwaka 1959 wanakemia wa Ujerumani waliitambua kemikali yenye kazi kama hiyo katika nondo wa hariri.

Habari za wadudu wake Fabre aliziandika katika vitabu kumi, kati ya mwaka 1879 na 1907. Mwanawe Paul aliwapiga picha wadudu hao, na picha zake zikatiwa katika vitabu vya baba yake. Kumpiga picha mdudu asiyetulia, kwa kamera za siku zile, haikuwa kazi ndogo.

Sifa zilimfikia Fabre akiwa mzee. Mwaka 1910, alipokuwa na umri wa miaka 86, wageni walikusanyika Sérignan kumpa heshima. Alifariki huko huko mwaka 1915, na shamba lake limehifadhiwa hadi leo.