David Livingstone: munganga aliyefika kuuliza njia ya Ruzizi

Hapa kwetu Uvira, hata mtoto anajua mto Ruzizi unaelekea wapi: unatoka ziwa Kivu, unapita kwenye tambarare, unaingia ziwa Tanganyika. Lakini mwaka 1871 wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo. Wengine walisema Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini, kwa hiyo ndio mwanzo wa Nile.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Akawa munganga na mmisionari, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Kati ya 1854 na 1856 alitembea kutoka Luanda hadi Quelimane, yaani kutoka bahari moja mpaka nyingine. Mke wake, Mary, alikufa kwa homa kando ya Zambezi mwaka 1862.

Mwaka 1866 alirudi kutafuta mwanzo wa Nile. Alifika Nyangwe, huko Maniema, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake wafanyabiashara ya watumwa wakipiga watu risasi sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama Lualaba. Alirudi Ujiji mgonjwa, hana mali. Barua zake juu ya mauaji hayo ziliamsha watu Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Ni Ujiji ndipo Henry Stanley alimkuta. Mwezi wa Novemba wawili hao wakachukua mtumbwi, wakafuata pwani kwenda kaskazini. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, lakini wapiga kasia wao walikataa kuendelea mpaka mdomoni mwa mto.

Livingstone na Stanley walipokelewa Mugihewa, nchi ya chefu Ruhinga, pale Ruzizi unapogawanyika. Ni udongo wa tambarare kabisa, sawa na ule unaotupa leo mpunga, mihogo na mahindi kutoka Kiliba mpaka Luvungi. Ruhinga aliwaeleza wazi: mto unatoka Kivu, na vijito vingi vinaungana nao njiani. Walipoingia mdomoni na mtumbwi, maji yalikuwa yanawasukuma nyuma. Ubishi ukaisha. Jibu wenyeji walikuwa nalo tangu zamani.

Kisha walipita Uvira na kurudi Ujiji. Stanley alienda zake Machi 1872, lakini mzee alikataa kurudi Ulaya. Aliamini kwamba Lualaba ndio Nile. Hapo alikosea: Lualaba ni mto Kongo. Na maji yetu ya Ruzizi, yakiisha kupita ziwani, yanatokea Lukuga pale Kalemie, yanaingia Lualaba hiyohiyo, yanaenda mpaka Atlantiki.

Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha chefu Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Ile nayo ni nchi ya tambarare, maji kila mahali. Wenzake, akina Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba mabegani mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilometa 1,500. Walifika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili alizikwa London, katika kanisa la Westminster. Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alikuwepo. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yameisha.

Jina la Livingstone liko kwenye miji na mashule. Ukipita daraja la Ruzizi, kumbuka pia jina la Ruhinga.