Shekhar Mehta, mkimbizi aliyeitawala Safari Rally

Hapa Minto, Sydney, vijana wetu wakibadilisha shokapu na springi, mara nyingi wanataka gari lishuke chini. Kwenye lami inawezekana. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunamkumbuka Shekhar Mehta, ambaye magari yake yalihitaji kinyume chake.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia tajiri ya Kihindi. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alihamia Kenya. Mwaka 1973 akashinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, baada ya kufungana pointi na Harry Källström wa Sweden. Fikiria, msomaji: mtu kapoteza nchi yake, na kabla mwaka haujatimia anashangiliwa Nairobi.

Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1979 Datsun yake ya lita 2 iliishinda Mercedes ya lita 5 ya Hannu Mikkola. Injini kubwa haisaidii gurudumu likiwa hewani. Katika mashimo, mafuta ya shokapu hupata moto na kuwa mepesi; springi hukosa wa kuituliza, gari huruka ovyo na dereva hulazimika kupunguza mwendo. Ndiyo maana magari ya Safari yaliinuliwa na kufungwa shokapu imara.

Ajali mbaya katika mashindano ya Misri mwaka 1987 ilikatisha udereva wake. Baadaye aliongoza kamisheni ya rally ya FIA. Alifariki London mwaka 2006, akiwa na miaka 60.